Quark Nzito Mbele ya Wakwe

Marcella!! Nimeaibika huku Gachoka kwa wazazi wa Mwaniki, na ndio mara ya kwanza wananiona!

Babake aliniuliza nasomea nini huko Ulaya. Nikamwambia tunagonganisha chembe ndogo sana ndani ya mtambo, halafu tunapima vile quark mbili nzito, yaani vichembe vya ndani kabisa, hushikana zikawa kitu kimoja.

Mamake akaniangalia. "Na zinakaa pamoja?"

Mimi na huu mdomo wangu: "Hapana mama, zinaachana hata kabla upepese jicho."

Zinaachana!! Nimeambia wakwe zinaachana!

Mwaniki anaangalia viatu vyake tu.

Mara mzee akacheka mpaka akakohoa. "Huyu msichana hajui kudanganya. Mpakulieni tena."

Sasa hivi mamake amenifuata jikoni: "Kathambi, huko kwenu Nkubu tukuje lini kuona wazazi wako?"