Shali ya Haji Sanaullah

Gowhar, uko hewani? Yule Haji Sanaullah wako, uliyeniapia kwamba ni mtu wa dini. Mtu wa dini!

Natoka dukani kwake sasa hivi. Nilifuata pashmina za jumla, zile shali za sufu laini ya mbuzi. Kapitisha shali kwenye pete, eti ikipita ndiyo pashmina halisi; ikapita, akajichekea kama mganga. Hata mfuko wa plastiki unapita kwenye pete, Gowhar!

Tukaanza kupatana bei kwa kuminyana vidole, kama kawaida yetu, mikono tumeifunika kwa shali ileile wateja wengine wasione. Namminya vidole viwili tu, shali ikalia ta-ta-ta! Cheche! Vinyweleo vyote vikasimama.

"Haji, sufu gani hii inapiga shoti?"

"Mbuzi wa milima ya Ladakh, mwanangu. Wana joto."

Wana joto! Na macho makavu.

"Mbuzi wako kazaliwa kiwandani, Haji."

Nikainuka niende zangu. Shali nayo ikaja, imening'ang'ania kwenye sweta. Unajua alisemaje mbele ya wateja?

"Mwizi! Rudisha pashmina yangu!"

Mimi! Mwizi!

Nikaibandua, nikamtupia. "Shika plastiki yako, Haji. Hata yenyewe inakukimbia."