Kwenu ni Wapi?

Bondeni, kwa babu
6 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na shangazi Sabaha mzima ila magoti. Wewe na presha yako mnaendeleaje? Barua hii anakuletea Bwana Muhannad, yule wa asali, maana simu huku hazijashika tangu vita iishe.

Shangazi nimemwambia tuondoke naye, kama ulivyonituma. Amekataa katakata. Anasema nyumba ya baba yake ameilinda vita nzima peke yake, hawezi kuiacha sasa.

Kwa kweli mambo bado hayajatulia. Wakubwa wapya wamesogeza mpaka, bonde letu limelala mkoa huu likaamka mkoa ule. Bendera imebadilishwa hata ya zahanati. Sasa wanaandikisha wenyeji wapige kura ya kuuthibitisha mpaka huo. Karani aliniuliza kwa Kiarabu kwetu wapi, nikamjibu kama tunavyojibu siku zote Kariakoo: kwetu ni hapa, kwa babu. Akafurahi huyo! Akaniandika. Ramadhani itanikuta huko nyumbani, Kariakoo.

Mwanao,
Taimur

Kariakoo
19 Januari 2025

Mwanangu Taimur,

Marahaba. Presha ilikuwa haina neno mpaka nilipofika kwenye barua yako pale pa karani.

Hivi una akili wewe? Sisi huku mtu akiulizwa kwao anataja alikotoka babu yake, hata kama hajawahi kukanyaga. Huyu jirani yetu Selina kazaliwa Ilala, kazeekea Ilala, muulize kwao, atakwambia Masasi. Ni maneno ya kujuana tu! Karani mwenye kalamu hakuwa anataka kujuana na wewe. Leo nimetoka nje ya duka sijui mara ngapi, wateja wanataka ubani nawapimia udi. Pasi yako ya kusafiria unayo mkononi? Nijibu hilo tu, mengine baadaye.

Mama yako

Bondeni
4 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, ingawa najua nitakuharibia siku.

Pasi wameichukua. Mwenyeji haruhusiwi kutoka mpaka kura ipigwe, na tarehe ya kura wameshaisogeza mara mbili. Vijana walioandikishwa wameanza kugawiwa sare. Nimemwambia karani mimi Mtanzania, mzaliwa wa Kariakoo, akanionyesha mwandiko wake na sahihi yangu. Anataka barua ya mzazi yenye muhuri. Andika kwamba nimezaliwa huko, na huku nimekuja kumtazama shangazi tu. Naogopa, mama.

Mwanao,
Taimur

Kariakoo
15 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako hiyo humo ndani, na muhuri wa serikali ya mtaa. Nilimsimamia mwenyekiti mpaka wino ukakauka. Nimeandika ulivyotaka, kisha nikaona haitoshi, hawa watu wakipata upenyo watakung'ang'ania. Nikaongeza kwamba marehemu baba yako hana asili huko, wala baba yake hakuwa nayo. Nimelia nikiandika. Marehemu aliringa na kwao mpaka kwa wauza mihogo. Lakini yeye kalala zake Kisutu, na wewe uko mikononi mwa wenye bunduki. Mungu atanielewa. Ipeleke leo hii hii.

Mama yako

Bondeni
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na mfungo mwema. Najua umekuwa ukichungulia barabarani, nisamehe.

Ile barua sikuipeleka. Niliisoma mara mbili ndipo nikaelewa. Baba na shangazi baba yao mmoja. Kama babu si wa huku, basi shangazi naye si wa huku, na nyumba wanaandikiwa wenye asili ya huku tu, wengine wanatolewa. Nikaificha chini ya godoro, nikawa nazunguka bonde zima nikitafuta njia nyingine.

Nilisahau kwamba shangazi ndiye anayetandika. Na Kiswahili anakisoma vizuri, si amekulia Kariakoo kabla hajaletwa kuolewa huku? Jumatatu akavaa baibui lake, akaenda kwa karani bila kuniambia. Akamsomea mwenyewe, akimgeuzia kwa Kiarabu, neno kwa neno, hakuruka hata lile uliloliongeza. Akarudi na pasi yangu. Jina lake wamelikata kwenye daftari la wenyeji yeye akiangalia, na mlango wa nyumba wameupiga alama ya rangi nyekundu. Mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka.

Sasa tunakuja wote, hana tena pa kubaki. Anafunga mizigo yake na hajasema neno baya juu yako. Afadhali angesema.

Mama, tukifika usitungoje ghorofani. Shuka mlangoni, mpokee wewe kabla ya mtu yeyote, na umwite wifi, kwa sauti, Selina na mtaa mzima wasikie.

Mwanao,
Taimur