Mwenye Mshale

Nyae Nyae, mvua zikiisha

Dada yangu mpenzi Ungka,

Salamu nyingi kutoka kambini kwetu. Hujambo wewe, hajambo shemeji, na huyo mtoto meno yameota? Sisi huku tu wazima. Mama goti bado linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Baba yupo, maneno mengi kama ulivyomwacha. Barua hii nampa dereva wa lori la pampu za maji, kwa hiyo ikinuka dizeli usinilaumu. Kaa chini kwanza, maana nina habari.

Unamkumbuka Dabe, yule ambaye pampu ya kisima ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Upinde havuti tena. Baba alipojua kwamba tunapendana alipiga kelele kambi nzima ikasikia. Alisema hataki mkwe wa kukaa motoni akichonga vijiti, eti siku ya njaa amle nani, amle Dabe mwenyewe? Mama akamwambia Dabe amekonda mno, hatoshi hata kitoweo. Dada, nilicheka huku nalia.

Dabe aliendelea na mishale yake. Unajua mishale yetu haina manyoya. Mkia ukiwa mzito mshale unayumba kama mlevi na kumpiga mnyama kwa ubapa. Basi yeye huulaza kila mshale juu ya kidole, na anataka utulie karibu na kichwa, si pale wazee wanapopapenda. Mkia ukizama anaukwangua utete, au anatoa kile kipande cha mfupa cha mbele na kutia kingine kizito, anazungushia kano, anapima tena. Anaweza kushinda kutwa na mshale mmoja, mpaka unatamani umnyang'anye. Baba akapita, akasema mshale wa kichwa kizito hivyo utachimba viazi tu. Dabe akajibu taratibu kwamba ngozi nene ya mnyama kama pofu, Mzee, haitobolewi na kitu chepesi. Lo! Watu wakainamisha nyuso kuficha kicheko, maana wote walimwona yule pofu aliyepigwa na Baba mwaka jana. Mshale ulidunda, pofu akaendelea kula majani yake.

Hasira ndiyo iliyomponza Baba. Palepale akaapa mbele ya watu kwamba mimi Nuhka nitaolewa na mwenye mshale utakaomlisha yeye mafuta ya pofu, hata mtu huyo awe na jino moja. Macho yote yakamgeukia Tikay, maana hakuna mwindaji kama yeye, na tangu afiwe na mkewe Baba amekuwa akimtamani awe mkwe. Usiku ule sikula. Nilijua neno la Baba likishatoka halirudi.

Siku zikapita. Jioni moja Tikay akarudi kutoka mawindoni, akakaa. Mama akamwuliza kaona nini huko. Akasema hajaona kitu, labda kidudu kimoja kisicho na maana. Mwindaji akijishusha hivyo ujue kapiga kitu; wanawake tukaanza kunoa visu! Kulipokucha tukafuata nyayo, tukamkuta pofu dume ameanguka, kifua kimejaa mafuta. Watu wakaanza kuizodoa nyama ile kama ilivyo ada: hii mifupa ndiyo umetutembezea juani, si bora tungelala? Tikay naye anaitikia kinyonge, eti basi tumwachie fisi. Raha iliyoje, Dada!

Baba aliwahi kipande cha mafuta, akakibanika, akala. Kisha akaongoza kuchuna, na penye mbavu akaukuta mshale umezama kweli kweli. Akakigeuza kichwa cha mshale, akaona alama ya Dabe. Akasema kwa sauti ndogo, kama anasema na pofu, kwamba huu haukudunda. Halafu akamwuliza Dabe kama ndiye mwenyewe. Dabe akasema aliutengeneza tu, akautoa zawadi. Tikay akasema yeye aliazimwa. Baba akaangaza huku na huku, mafuta yanamchuruzika kidevuni, anauliza mwenyewe ni nani basi, maana kwetu nyama ni ya mwenye mshale, hata kama kaupiga mwingine.

Sasa nikuambie nilichomficha kila mtu isipokuwa hao wawili. Mwenyewe ni mimi. Mvua zilipoanza nilimshonea Dabe mkanda wa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, naye akanipa ule mshale, mzito kuliko yote aliyowahi kuisawazisha. Baba alipokwisha kuapa nilimpelekea Tikay, nikamsihi autangulize huo. Alikubali haraka, moyo wake uko kwa yule muuza mikate wa mjini Tsumkwe.

Nilipojitokeza na kusema mshale ni wangu, na kwa hiyo nyama ni yangu, watu wakageukiana. Mama akadakia: basi Nuhka ajioe mwenyewe, kiapo ni kiapo! Watu walianguka chini kwa kucheka. Baba alijaribu kununa, akashindwa.

Nikagawa nyama yangu. Fungu ambalo mkwe humpa baba wa mke nilimtwisha Dabe, kwenye mkono wake ule wa vidole vitatu, alipeleke. Baba akalitazama, akalipokea, akalalamika kwamba pofu mwenyewe kakonda, na mkwe naye kakonda.

Mkwe, Dada! Kasema mkwe!

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Nyama kavu yako nimempa dereva. Ikifika pungufu, mnuse mdomo.

Ni mimi mdogo wako niliyekaribia kujioa,
Nuhka