Mwenye Sauti ya Taaka

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Mgeni wa Fatumah bado yupo. Leo ni siku ya nne. Alishuka kwenye basi la Kisumu na gitaa lililofungwa kwa blanketi, akaagiza chai, na kabla chai haijapoa nusu ya Busia ilikuwa imejaa mlangoni mwa hoteli ya Fatumah, binti yangu. Anasema yeye ndiye Muzafaru Okochi. Yule wa santuri. Yule wa "Taaka, Ningoje", wimbo ambao Badiru huupiga dukani kwake tangu anapofungua hadi anapofunga, kiasi kwamba nadhani hata mbuzi wake wanaujua.

Nani amewahi kumwona Muzafaru Okochi? Hakuna. Santuri haina uso. Ina jina na karatasi nyekundu katikati, basi. Mtu yeyote mwenye gitaa na viatu vilivyong'arishwa anaweza kushuka kwenye basi na kujiita hivyo. Na siku hizi, upande wa pili wa mpaka kukiwa na Hali ya Hatari, watu wengi hushuka na majina ambayo hawakuzaliwa nayo.

Nilimwomba kipande chake cha utambulisho. Alinipa bila kunung'unika. Jina ni hilo. Lakini nilikuwa mkalimani wa mahakama Tororo kwa miaka ishirini na miwili, na nimeshika vipande vingi ambavyo majina yake yalikuwa sahihi na wenyewe si sahihi.

Fatumah ameniambia nisimtazame mgeni wake kama mshtakiwa. Nimemjibu kwamba simtazami. Namsoma.

Jumamosi, 6 Agosti

Alasiri kulikuwa na muziki uani kwa Badiru. Nilikwenda. Kuchunguza, si kucheza.

Nakiri kwamba anajua kupiga gitaa. Vidole vyake havitafuti njia. Alipofikia wimbo wa Taaka, watu wakavamia: madereva, makarani wa forodha, wanawake wa Kisamia na watoto mgongoni. Wote waliimba, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kiitikio mara tatu.

Mimi siimbi. Kwa hiyo nilikuwa mtu pekee uani aliyekuwa na nafasi ya kutazama. Mdomo wa Muzafaru Okochi ulikuwa umefungwa! Alitabasamu, akatikisa kichwa, akawaelekezea watu shingo ya gitaa ili wapaze zaidi. Hakuimba hata neno moja. Walikuwa wakijiimbia wenyewe, kisha wakampigia makofi yeye.

Nilimweleza Badiru. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mzee Wahabi, watu nakwenda kwa ngoma kucheza. Wewe nakwenda kuhesabu meno ya mwimbaji."

Jumanne, 9 Agosti

Badiru amekuja na kanzu safi. Nikajua hapohapo kwamba hakuja kwa habari ya lori lake. Alisifu mvua, akasifu bati langu, akaisifu afya yangu, ambayo si ya kusifiwa. Kisha akasema ametumwa. Muzafaru anamtaka Fatumah.

Siku kumi na mbili tangu ashuke kwenye basi!

Nilimwambia Badiru kwamba mshenga hupaswa kumjua mtu anayemsemea. Akasema anamjua vizuri sana, santuri yake ameivunja moja na kununua nyingine.

Baadaye nilimwita Fatumah. Sheria naijua. Mwanamwali akinyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa. Mjane lazima aseme kwa ulimi wake mwenyewe, na Fatumah ni mjane. Lori lilimpindukia mumewe njia ya Mukuju, mwaka wa tatu sasa. Nilimwuliza. Aliifuta mikono yake polepole.

Aliniambia jambo ambalo sikulijua. Katika mwaka wa eda na huzuni, alikuwa akiliacha wazi dirisha la jikoni linaloelekea dukani kwa Badiru. Sauti ile ndiyo iliyomfanya aamke na kuwasha moto. Kisha akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Nataka, Baba. Lakini sitaki kuolewa chini ya shaka yako, maana nitaishi nayo mimi. Mchunguze umalize. Utakachokiona, chochote, niambie. Hapo nitasema."

Nimempa neno langu. Jibu litatolewa Ijumaa ya tarehe 19, baada ya sala, mbele ya imamu; akiridhia, ndoa itafungwa hapohapo.

Jumatano, 10 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Badiru kuomba kusikiliza santuri. Aliniangalia kana kwamba nimeomba pombe.

Upande wa Taaka umelika kwa sindano, umekuwa wa kijivu kama jivu la kuni. Sauti ni nzito, tulivu, haina haraka. Hata mimi naelewa kwa nini mjane angeiachia dirisha. Nikamwambia Badiru aigeuze. Akasema upande wa pili hakuna mtu anayeutaka, ni upuuzi kuhusu baiskeli. Nikasema aigeuze.

Upande wa pili ni mweusi, unang'aa, mpya. Jina ni lilelile: Muzafaru Okochi. Sauti siyo. Ni nyembamba, inapita puani. Gitaa ni moja, vidole ni vilevile, lakini waimbaji ni wawili. Nilisikiliza kila upande mara tano. Badiru alisema labda siku hiyo alikuwa na mafua.

Akullo alikuwa amekaa juu ya magunia yake. Ndiye anayemletea Badiru karanga kutoka Mulanda. Aliposikia Taaka kwa mara ya tano akachoka, akasema kwa mzaha kwamba mzee akiupenda hivyo wimbo huu aende kwao akasali, maana katekista wao ana sauti hiyohiyo. Alimsikia akiongoza nyimbo kwenye mazishi ya dada yake. Katekista huyo anaitwa Othieno.

Badiru alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimerudi sasa hivi, vumbi hadi masikioni. Nitaandika kwa utaratibu.

Lori la Badiru lilikuwa likienda Mulanda kuchukua karanga. Nikapanda. Fatumah aliniuliza naenda kutafuta nini, nikamwambia atajua nikirudi. Leo ni sikukuu kubwa ya Wakatoliki, ya Bikira Maria, na kanisa lilikuwa limefurika hadi nje. Nilisimama kando na mwavuli wangu, kanzu na kofia, Mwislamu mmoja miongoni mwa watu mia tatu. Wakaanza kuimba, na mtu mmoja ndani akawatangulia.

Niliusogelea mlango. Ilikuwa ndiyo sauti yenyewe. Ile ya dukani, ile ya dirishani, sasa inamwimbia Mariamu kwa Kidhopadhola, lugha ya huko.

Baada ya misa alinijia mwenyewe. Mtu mfupi, suruali imetiwa kiraka gotini, kikohozi kibaya. Alisema: "Karibu, mzee. Wewe hukuja kwa sababu ya Maria." Kuisikia sauti ile ikisema maneno ya kawaida — karibu, keti, utakunywa maji? — kulinitia baridi.

Hakukataa. Miaka mitatu iliyopita mashine ya kunasa sauti ililetwa Kisumu. Muzafaru alikuwa na gitaa, akamchukua yeye, rafiki yake, wakafuatana. Kila mmoja aliimba wimbo mmoja. Karani aliandika jina la mwenye gitaa tu. Santuri ilipotoka na jina moja pande zote mbili, Muzafaru alikuja Mulanda akilia, akataka waende wakasahihishe. Othieno ndiye aliyekataa. Alikuwa amekwisha kuwa katekista. Taaka ni mke wa mtu katika wimbo ule, na anaombwa amngoje njiani asiye mumewe. Padri akijua, ukatekista umekwisha, na nyumba waliyopewa inapotea pia. Mkewe Athieno ana mimba ya tano. Kwa hiyo alimwomba rafiki yake aubebe wimbo, na kila aulizwapo, asikane.

Aliniomba neno langu kwamba sitamwambia mtu. Alikuwa akikohoa na kutazama nyuma, kanisani. Nikampa.

Naandika sasa na kujiuliza. Je, hadithi hii ni nzuri mno? Mwongo aliyeteswa na uaminifu wake! Nilizisikia nyingi mahakamani, zilizoshonwa vizuri kuliko hii. Na kwa nini Othieno hakushtuka kuniona? Kuna aliyempelekea habari? Muzafaru ana baiskeli ya kuazima, na Jumamosi hakuonekana kutwa.

Jumanne, 16 Agosti

Fatumah aliniuliza nilichokiona Mulanda. Nikamwambia njia ni mbovu.

Si uongo. Njia ni mbovu.

Jumatano, 17 Agosti

Nimezungumza na Muzafaru nyuma ya hoteli. Alikuwa akinyonyoa kuku wa wateja, mikono imejaa manyoya. Nyota wa santuri! Nilimwambia nilikokwenda. Hakuniuliza nilijuaje. Aliuliza, "Othieno bado anakohoa?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Sijui kama ni upendo au ni njia ya kupima rafiki amesema kiasi gani. Kuhusu Jumamosi, anasema alikuwa Tororo akitafuta nyuzi za gitaa. Nyuzi nimeziona. Mpya.

Nilimwambia kwamba mimi nimefungwa na neno langu, yeye hakufungwa. Amwambie Fatumah mwenyewe, kesho kabla ya magharibi. Asipomwambia, Ijumaa nitasema hapana mbele ya watu na sitatoa sababu. Alikubali kwa kichwa. Akaendelea kunyonyoa, ingawa kuku alikuwa amekwisha kuwa mweupe kabisa.

Nimeridhika na mpango huu. Mwongo atakimbia leo. Mkweli atasema.

Alhamisi, 18 Agosti

Hakukimbia.

Walikuwa jikoni tangu adhuhuri. Mimi nilikaa chumbani na gazeti. Sikusikia maneno, ila sauti yake ile nyembamba ikienda na kusimama, ikienda na kusimama.  Kisha Fatumah akaja, unga hadi viwikoni.

Nilikuwa nimejitayarisha kumfariji.

"Baba, ulijua tangu lini?"

Nikasema tangu Jumatatu.

Akasema Jumatatu, kana kwamba anajifunza neno hilo. Nikamweleza kwa utaratibu: kwamba nilimpa katekista neno langu, kwamba mke wake ni mjamzito, kwamba nilitaka Muzafaru aseme mwenyewe ili nijue ni mtu wa namna gani. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisikiliza vizuri sana, kama hakimu.

"Mtu wa Mulanda ulimpa neno Jumatatu. Mimi ulinipa Jumanne ya wiki iliyopita. Langu lilitangulia."

Nilisema kwamba nilikuwa nikimpima mwanamume yule.

"Yeye amesema akitetemeka, na anajua anaweza kunikosa. Wewe umekula chakula changu siku tatu ukaniambia njia ni mbovu. Nani alikuwa akipimwa?"

 Nilikuwa na majibu mengi, yote yamenyooka, na hakuna hata moja lililofaa. Akaenda jikoni. Dirisha linaloelekea kwa Badiru amelifunga. Hajasema neno tangu hapo, si kwangu wala kwake. Muzafaru amekaa kwenye benchi la nje na gitaa miguuni, hakuligusa. Wateja wawili walimwomba Taaka. Aliwaambia wimbo umelala.

Ijumaa, 19 Agosti

Asubuhi. Nimegonga mlango wa jikoni. Nimemkumbusha kwamba kunyamaza kwa mjane si jibu. Hakujibu. Amepika kwenye sufuria kubwa, ile ya Idi. Goretti, anayemsaidia kupika, nilimwuliza ni pilau ya wateja au ya wageni. Akasema hata yeye haambiwi, anaambiwa tu avunje kuni.

Baada ya sala. Wamekuja: imamu, Badiru na kanzu yake, mashahidi wawili, na bila shaka kila mtu mwingine ambaye hakualikwa. Uani hapapitiki. Wanadhani wataimbiwa. Nimeingia ndani kuchukua kalamu ya cheti cha ndoa, na hii hapa mkononi mwangu, na badala ya kutoka naandika, nikitazama uani kupitia dirishani.

Kupitia kwa Goretti nimempelekea Fatumah ombi moja tu: akasirike atakavyo, lakini asiitaje Mulanda mbele ya watu. Kule kuna mtoto wa tano njiani. Goretti amerudi na jibu. Anasema: "Fatumah nasema, Baba asimfundishe kutunza siri. Yeye atasema mwenyewe. Wewe njoo, sikia."

Ametoka jikoni. Amevaa leso mpya.  Badiru anaanza hotuba yake ya ushenga, Fatumah amemkata kwa mkono. Anamwambia Muzafaru aimbe. Watu wameshangilia, wameanza wenyewe, Taaka, Taaka — amewanyamazisha. Si ule. Wowote mwingine, lakini aimbe yeye, na asisaidiwe.

Badiru anasema hapa ni ndoa, si ngoma. Imamu anatazama chini. Mimi ningesema vivyo hivyo juzi.

Anaimba. Bila gitaa. Kisamia, kitu ambacho sikijui, labda cha mama yake. Sauti inapita puani, inakatika, inarudi. Mtu mmoja nyuma amecheka na kuuliza, huyu ndiye? Mwingine ameguna. Hakuna wa kuitikia, maana hakuna anayejua maneno. Anaendelea. Jasho linamtiririka shingoni na hajaacha hata ubeti mmoja. Nimemtazama kwa siku ishirini nikitafuta mahali anapoficha, na sasa sipaoni. Au sijui tena kutazama.

Amemaliza. Hakuna makofi. 

Imamu anamwuliza Fatumah kama inavyopasa, kwa jina lake na jina langu: je, ameridhia?

Hajibu. Hamtazami imamu, wala Muzafaru. Amegeuka huku. Anatazama dirisha langu moja kwa moja, na watu wote sasa wanatazama anakotazama.

Nilimwahidi nitamwambia nitakachokiona. Hatasema mpaka nitoke.