Ufunguo Kwenye Kopo la Grisi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata fomu. Kurasa kumi na moja! Karani wa ofisi ya vibali, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinihesabia moja moja kama anagawa karata. Kibali maalumu cha kumiliki silaha zilizozuiliwa. Kile cha baba kimekufa naye. Sheria inampa mrithi siku tisini, na mimi ishirini na sita zimeshakwenda kwa kulia. Nikikataliwa wanakuja na lori, bunduki zinakatwa kwa msumeno, karakana inafungwa.

Ni nne tu. Lakini zinatapika risasi mfululizo, ndiyo maana mtu wa kawaida haruhusiwi hata kuzigusa. Baba alizinunua zikiwa vyuma chakavu, akazifufua, watu wa filamu wakawa wanakuja kuzikodi na risasi za baruti tupu, zenye mlio bila kichwa. Miaka sita ya mwisho, macho yalipomzimika, mikono ilikuwa yangu. Yeye anasikiliza, mimi nakaza skrubu. "Bado robo," anasema. Kweli, bado robo.

Mwalimu kasema atanijazia yeye, mwandiko wangu ni wa kuku. Mume wangu kastaafu ualimu lakini penseli bado anazichonga kila asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefika ukurasa wa saba. Mwalimu alisoma kwa sauti: mahali pa ufunguo wa sefu pajulikane na mwombaji peke yake, asijue mwenzi wala mtoto. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, "Hakuna mwingine anayejua." Nikamtania kwamba sasa na mimi nina siri yangu. Akacheka.

Ufunguo huo baba alikuwa anauvaa shingoni. Mimi nikivaa uzi shingo inawasha. Mchana Mwalimu alipokwenda kliniki kupima presha, niliuzamisha kwenye kopo la grisi, la tatu kutoka dirishani. Nani atatia mkono humo? Yeye hata sufuria yenye mafuta haoshi.

Jumamosi, 15 Machi

Fomu nilipeleka Jumatatu. Leo mazoezi ya mahojiano. Mwalimu alikaa kichwani mwa meza, akajifanya mkaguzi, hata koti kavaa. Mama, silaha hizi unazitakia nini? Nikasema ndiyo kazi ninayoijua. Akasema nijibu polepole, nisionekane nina hasira. Kanirudisha mara tatu. Mara ya tatu nilipomtaja baba nikashindwa, nikalia, akanishika bega mpaka nilipotulia.

Nimepata mume. Naandika hapa ili nikumbuke siku akinikera.

Jumatano, 26 Machi

Mkaguzi kaja saa nne asubuhi. Sijui nianzie wapi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilimwacha sebuleni na Mwalimu, nikafuata ufunguo peke yangu, nikafungua, akakagua, nikafunga, nikaurudisha peke yangu. Sefu imekazwa ukutani kwa bolti nne, kagonga, karidhika. Namba za bunduki zimelingana na daftari. Tukakaa, chai ikamiminwa. Ndipo akamgeukia Mwalimu, kwa sauti ya mazungumzo tu: mzee, tuseme mama kasafiri na sisi tunataka kufungua, ufunguo tunaupata wapi?

Mimi nilikuwa natabasamu. Jibu ni neno moja. Sijui.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Akainuka, akavuka ua, akaingia karakana. Nikadhani anakwenda kufanya utani. Akarudi na grisi mpaka juu ya kifundo cha mkono, akauweka ufunguo kwenye kisahani mbele ya mgeni.

Mkaguzi hakuugusa. Aliandika mstari mmoja, akafunika kalamu yake, akaaga. Chai yake ilibaki vilevile.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekisugua kile kisahani kwa majivu, grisi haitoki.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemuuliza. Alikuwa anapiga pasi shati. Kasema kaulizwa na mtu wa serikali, kajibu, au nilitaka adanganye? Nikamwambia si kudanganya, ni kutokujua. Ulijuaje? Akageuza shati upande wa pili. Halafu kasema alitafuta. Siku niliyokwenda kupeleka fomu. Kopo moja baada ya jingine – na yako kumi na manne! Kisha akanawa kwa mafuta ya taa. Naikumbuka harufu. Nilimwambia ananuka taa, akasema alikuwa anajaza jiko.

Na sefu ulifungua?

Mara moja, kasema. Alitaka kuona kinachomnyima mkewe usingizi.

Sikupandisha sauti. Ningepandisha ningevunja kitu. Alhamisi anaandika kwamba hakuna mwingine anayejua, Jumatatu mkono huohuo uko kwenye grisi. Na Jumamosi ukawa begani kwangu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimetoka ofisini. Karani kanionea huruma. Kwa ule mstari wa mkaguzi ombi limekwama, ila kuna nafasi ya pili: nibadilishe kitasa, nikaguliwe upya, na nijaze karatasi moja yenye swali moja. Je, mtu asiye na kibali aliwahi kufungua sefu? Alinieleza taratibu kama anayempa mgonjwa maelekezo ya dawa. Nikijibu Ndiyo, mimi nabaki msafi, ila Mwalimu ataitwa polisi, kwa sababu kuzifikia tu bunduki hizi bila kibali ni kosa. Nikijibu Hapana na baadaye ikagundulika, tunaitwa wote wawili na lori linakuja. Karatasi irudi kesho kutwa.

Akafungua jalada kutafuta namba yangu. "Na hii barua yenu, mama, mbona mliileta peke yake? Mngeiambatanisha na fomu."

Barua gani?

Hakuwa ameisoma, kaigonga muhuri tu na kuitia ndani. Mimi niliutambua mwandiko kabla sijafika mstari wa kwanza. Tarehe 4 Machi. Siku moja tu baada ya mimi kurudi na fomu! "Tangu baba yake afariki, mke wangu haishi nami, anaishi karakana. Naiomba ofisi yako imkatalie. Mimi nikimkatalia atanichukia maisha yake yote. Nyinyi mkimkatalia, atazoea."

Nikamwambia karani ni sawa, airudishe jaladani. Njiani nilipitiliza nyumba yetu, nikatembea tu mpaka miguu ikauma.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hajaniambia hata siku moja: acha. Angesema, tungegombana, tungenuniana wiki nzima, na huenda angenishinda. Hataki – sawa, ni haki yake. Kinachoniuma ni yale mazoezi. Lile koti. Kanirudisha mara tatu nijibu vizuri zaidi, na barua yake imeshatangulia kwenye jalada.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo mwisho. Ofisi inafungwa saa tisa, sasa ni saa sita. Kitasa kipya kimefungwa jana. Jina na namba nimejaza mwenyewe. Limebaki lile swali.

Mwalimu keshavaa viatu, kasema atanisindikiza. Hajui kama nimeiona barua.

Nikamuuliza kwa upole kabisa: Mwalimu, wewe mwenyewe ungependa wanikubalie?

Nilimpa nafasi. Mungu anajua nilimpa nafasi. Angesema hapana, ningeandika Hapana kwenye karatasi na uongo huo ningeubeba kwa ajili yake mpaka kaburini.

"Ningefurahi sana, mke wangu," kasema. "Na mzee huko aliko angefurahi." Ananitazama machoni, hapepesi.

Kamtaja na baba!

Nikavuta daftari hili badala ya karatasi ile. Amesimama mlangoni na mwavuli, anadhani najaza. Ananiuliza naandika nini muda wote huu, si swali moja tu hilo?