Jiwe la Wagumba

Jumanne, Agosti 1996

Wewe Wambui, kumkatiza nyanya yako akihadithia wadogo ni adabu gani? Nasimulia ngano ya Wagumba, wale wafupi walioishi mashimoni zamani, Wambui anadakia: "Shosho, mwalimu anasema walikuwa watu kweli. Babu zetu ndio waliowafukuza."

Nikamtuma akaoshe sufuria.

Lakini lile jiwe la kusagia tulilochimbua kwenye shimo lao shambani Murang'a, ninalozuilia mlango hapa Buruburu miaka yote, limelika katikati. Leo nimeweka kiganja hapo, hakiingii. Palilika kwa mkono mdogo wa mama aliyewasagia wanawe mtama.

Na mimi nimewacheka hao tangu utotoni. Naogopa laana yao.

Jumamosi Wambui alibebe hadi Murang'a, tulirudishe shimoni. Na asithubutu kulisukuma kwa mguu tena.