Gazeti Lililoshonwa Pembeni

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikautazama mlango, kwa mazoea tu, nikimngoja Bi Hadija aje na marahaba yako. Tangu nimwoe binti yako, miaka sita sasa, marahaba yako ilinifikia kwa mdomo wa huyo jirani yako, ikiwa imechanganywa na habari za kuku wake.

Kesho ni arobaini yako. Mchele umekwisha kupepetwa, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, na mimi nilitumwa kuazima sufuria. Nikasema nakwenda, nikaja kujifungia hapa ofisi ya kijiji. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kuna jambo nimelificha na sitaki arobaini ipite nalo. Somoe, mke wangu, hajui kwamba uliniandikia siku tatu kabla hujafa. Hajui kwamba karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu siku zote hizo na sikuisoma.

Nimeanza na lililo zito. Wewe kwenye chemshabongo za gazeti ulikuwa ukijaza mepesi kwanza, halafu ndiyo unayarudia magumu. Haya, ngoja nijaribu kwenda kwa mwendo wako.

Hatukuwahi kukaa mkeka mmoja, mimi na wewe. Nikikuona njiani naingia kwenye nyasi, natazama chini mpaka kanga yako ipite. Ndivyo tulivyolelewa, mama mkwe haangaliwi usoni, na mimi sikuona ubaya wowote. Tulipohamishiwa hapa Mitole na nyumba zikapangwa mistari, yako iliangukia mbele ya yangu, mlango kwa mlango. Aliyepanga bila shaka hakuwa na mkwe. Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo nikamwomba akubadilishie, ukapewa mstari wa tatu. Wote wawili tulishukuru. Siku hizi nalifikiria sana ombi langu lile.

Kisha ikaja elimu ya watu wazima, na mwalimu wake nikawa mimi. Mkwe kuingia darasani kwa mkwewe haiwezekani, kwa hiyo ulikaa nje, umeegemea ukuta wa ofisi hii, na mimi nikawa nasoma kwa sauti kubwa kila ninachoandika ubaoni mpaka wanafunzi wengine wakaniuliza kama nimekuwa kiziwi. Jioni Bi Hadija alikuletea daftari lake uone herufi. Hivyo ndivyo ulivyojua kusoma, kwa ukuta na kwa daftari la mwenzako, na ukawapita wote waliokaa ndani.

Chemshabongo ulianza wewe. Gazeti likishasomwa na mwenyekiti lilikuwa langu, nikalituma kwako ujizoeze kusoma. Lilirudi na visanduku vimejazwa kwa penseli, na pembeni umeandika: "Namba saba nimeijua. Sikuambii. Ni yule uliyemkanyaga ukienda shamba ukadhani jiwe." Fumbo lenyewe lilisema amebeba nyumba yake na hana pa kumkaribisha mgeni. Nilicheka sana, kwa sababu nilimkanyaga kobe mbele ya watu na sikujua kwamba habari zilikufikia.

Tangu hapo ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Gazeti likija linaanza kwako, maana wewe ni mkubwa. Unajaza unayoyaweza kwenye karatasi yako, unaniandikia vidokezo pembeni ya gazeti, unaikunja pembe na kuishona kwa uzi, mshono mmoja au miwili. Mimi nahangaika peke yangu. Nikishindwa nakata uzi nasoma kidokezo, na kwa kuwa nimeshindwa natoa mji, kama kwenye vitendawili vya watoto. Nimekupa Lindi. Nimekupa Kivinje na Masoko, nikakupa Pande kijiji kwa kijiji. Ukaniandikia mara moja: "Mkwe, umebakiwa na Rondo tu, na huko kuna baridi." Vidokezo vyako havikuwa jibu hata siku moja. Kitunguu uliniambia, "Mkeo humkata akiwa amegeuza uso." Sikujua kwamba mtu anaweza kumpenda mama mkwe wake kwa penseli. Nasema nilikupenda, mama, na naona aibu kuandika, lakini ningeona aibu zaidi kutoandika.

Sasa lile zito.

Gazeti la mwisho Bi Hadija alinipa Jumatano alasiri. Pembe imekunjwa, imeshonwa mishono minne. Nikasema moyoni, leo mama ameamua kunichukulia Rondo. Nikaapa sikati. Mafumbo yote niliyamaliza jioni ile ile isipokuwa moja la herufi sita: amelala chini tangu asubuhi na hachafuki. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Alhamisi asubuhi lori la ushirika likaja kuchukua korosho. Mimi ndiye karani, nilisimama pale na dereva kwa muda wote wa kupakia magunia, gazeti limekunjwa mfukoni, nikimwuliza hata yeye ni kitu gani hulala chini kisichafuke. Bi Hadija akaja akasema, "Saidi, mama anauliza kama umeshafungua." Nikamjibu, "Mwambie bado, na safari hii sifungui." Nikacheka, dereva naye akacheka. Saa sita lori likaondoka likiwa na nafasi tupu mbele, karibu na dereva.

Ijumaa Bi Hadija alisema una mafua, hutoki. Nilituma pole. Jumamosi asubuhi nikiwa hapa nilipo sasa ndipo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimejaza nazi mahali palipotaka dafu, tena kwa wino, kwa hizi haraka zangu. Mtu wa Kilwa anachanganya dafu na nazi. Nilipobadilisha, lile fumbo likafunguka lenyewe: kivuli. Nikapiga meza kwa furaha. Nikakata uzi ili nikuandikie kwamba nimeweza, nikasoma.

"Mkwe, leo sina kidokezo. Kichomi kimenibana ubavu wa kushoto tangu jana na homa haishuki. Kesho lori likija sema na dereva anifikishe hospitali Kivinje. Hadija usimwambie, hawezi kukaa na neno. Somoe asijue, ni mzazi, atatoka na mtoto kwenye umande."

Nilikimbia mpaka kwako, nikafika mlangoni, nikasimama. Mkeka wa mlango ulikuwa umeshushwa. Ninajua unaumwa, ninajua nimechelewa siku tatu, na bado miguu ilikataa kuingia kwa mama mkwe. Nikapiga hodi mara tatu, kama mtu aliyekuja kuazima jembe. Kisha nikauinua ule mkeka.

Hukunijua. Tulikubeba kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne, mimi nikiwa upande wa kichwani, tukiifuata njia ya lori. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wako kwa karibu. Una kishimo kidevuni kama cha Somoe. Hatukufika barabara kuu.

Watu wote walisema kichomi cha ghafla. Mimi nilikuwa na gazeti kiunoni, ndani ya msuli, na nilikaa msibani nalo.

Nimekukasirikia, mama. Lazima niseme na hilo. Kwa nini hukumwita mwingine? Mjumbe wa nyumba kumi yuko hatua ishirini kutoka kwako. Bi Hadija ameniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba alipokuletea jibu langu Alhamisi ulicheka, ukakohoa, ukasema, "Mwache. Jioni atachoka, atakata." Ulinijua mtu asiye na subira. Siku zote sikuwa nayo. Sijui ni shetani gani aliyenipa subira siku hizo tatu tu katika maisha yangu.

Natembea humu ndani huku nikiandika, ndiyo maana mistari imepinda.

Mambo yaliyobadilika ni machache. Mjukuu wako amenenepa mikono na anacheka akiona makuti ya dari. Bi Hadija amefaulu mtihani wa kisomo, amepewa cheti, anakibeba kwenye kanga mpaka kisimani. Wakati wa somo hakuna anayekaa nje ukutani, lakini mimi bado nasoma kwa sauti kubwa, wanafunzi wameacha kuniuliza. Magazeti yamekuja matano tangu uondoke. Nayapeleka moja kwa moja kwa wazee wa tumbaku, wanasokotea.

Somoe ndiye aliyebadilika. Kila jioni anasema maneno yale yale: "Nilikuwa nimelala na mtoto, na mama anakufa mstari wa tatu. Ningetoka kidogo tu ningemwona." Watu wanamwambia mzazi hatoki, anatikisa kichwa. Amekonda. Maziwa yamepungua, mtoto ananyonya na kulia. Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Saidi, kweli mama hakumwambia mtu yeyote?" Nikamjibu, "Wewe unamjua mama yako." Nilijibu hivyo, mama. Nilikutwika wewe kosa langu, na yeye akaamini, akarudi kujilaumu.

Uliandika Somoe asijue. Nimejificha nyuma ya maneno hayo tangu siku ya mazishi. Nikitaka kusema, najiambia huo ni wosia, na wosia hauvunjwi. Lakini si wosia, nami nalijua hilo. Ulisema asijue ili asitoke na mtoto kwenye umande. Sasa anatoka, anakwenda kisimani na mtoto mgongoni, na hakuna tena wa kumficha isipokuwa mimi.

Uongo nimekwisha kuutengeneza. Ningesema gazeti lilidondoka, nimeliokota juzi nyuma ya kabati la ofisi. Ni uongo mzuri, kila kisanduku chake kimejaa. Angeusadiki. Angelia kwa ajili yako na angenionea huruma mimi, na ningekula wali wa arobaini nikiwa mtu mwema.

Ninaogopa. Akiujua ukweli anaweza kufunga nguo zake aende kwa wajomba zake, na mtoto ataondoka naye, na hakuna mzee hapa kijijini atakayenitetea. Nami nitakuwa nimekosa mke kwa sababu ya mji mmoja wa mchezo. Nimeligeuza hilo kila upande, sijaona upande ulio mwepesi. Najua tu kwamba mwenzangu anabeba mzigo ambao ni wangu, na unamkausha maziwa.

Nakuaga, mama. Mwenyezi Mungu akupe nafasi huko uliko na akufutie uliyoyakosa, nawe kama ruhusa ya kusamehe unayo, nikumbuke. Uliniachia siri mbili. Ya Bi Hadija nitaitunza. Ya Somoe naivunja leo, kabla ya arobaini, wala si kwa karatasi. Nitamwambia kwa mdomo, nikimtazama usoni, habari ya lori na ya kicheko changu na ya jibu lile la juzi, kisha nitampa gazeti ausome mwandiko wako mwenyewe. Akitaka kukaa, nitakaa naye na hasira yake kwa muda wowote utakaohitajika. Akitaka kwenda, nitambebea mtoto mpaka kwa wajomba zake, na huko nako nitasema.

Namsikia nje. Anamwuliza Bi Hadija kama nimeonekana na sufuria.

Nimemwita. Ameitika abee. Anakuja.